Heko kwa Mwenye Masta

Tumpongeze kijana wetu aliyerudi mjini kwetu Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo, na masta ya biashara. Sasa anajua kwamba ukinunua maharagwe hapa ukayauza Butembo kwa bei ya juu, kile kinachobaki kinaitwa faida. Mama zetu walikuwa wakikila tu, bila nadharia!

Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo mwaka 1989. Watu walithubutuje kufungua maduka kabla ya hapo? Hata makontena ambayo wafanyabiashara wa Butembo waliyaagiza Dubai kwa kuaminiana tu, bila shaka yalifika kwa bahati.

Juni 2024, waasi wa M23 walipouteka mji wetu, wachuuzi walikimbia na magunia kichwani, huku wakipiga hesabu ya kila kizuizi cha barabarani mpaka Lubero. Hawakuchora hata mchoro mmoja, maskini. Kijana ana jedwali la hatari lenye rangi tatu. Barabara ile ameipaka njano.

Na uongozi wake je? Mchana wa jua kali havui koti. Pesa ya vocha ya simu anaikopa kwa muuza maharagwe, na amekwisha kumfafanulia kwamba huo ni uwekezaji wa awamu ya kwanza.