Maharage ya Saa Tisa Usiku

Moshi ndio ulioniamsha. Nilikimbilia jikoni nikikohoa, nikamkuta Baba Zuhura kwenye kigoda, kichwa kakiegemeza ukutani, anakoroma. Gesi inawaka, na maharage niliyoyaroweka jioni yamekuwa makaa sufuriani. Saa tisa usiku.

Nikazima jiko, nikafungua madirisha, nikaketi sakafuni nikalia. Ulikuwa mwezi wa nne tangu aanguke na bodaboda bila kofia. Kidonda cha kichwani kilishafunga, na kila aliyekuja kumjulia hali alisema, "Si kapona huyu, mshukuru Mungu." Lakini mchana alisinzia na tonge mkononi, na usiku akazunguka nyumba nzima akikagua makomeo. Shemeji zangu wakasema uvivu. Wifi akasema karogwa. Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia mbele ya watoto kwamba mwanamume halali mchana.

Kulipokucha nikampeleka kwa daktari. Alitueleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo inayoshika saa ya mwili. Humo hutengenezwa oreksini, inayomweka mtu macho. Giza likiingia, tezi moja humo ubongoni humwaga melatonini, inayoukaribisha usingizi. Kichwa kikigongwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na mpangilio huo unaweza kuvurugika hata kama ngozi ya nje imepona. Wengi walioumia ubongo hupatwa na hali hii.

Akatukataza kujinunulia dawa za usingizi, kwa kuwa baadhi humzidishia kuchanganyikiwa mtu wa namna hii. Sasa Baba Zuhura anaamka saa kumi na mbili kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na anaketi barazani apigwe na jua. Mchana analala nusu saa tu. Kahawa mwisho adhuhuri. Na mimi, kabla sijapanda kitandani, naufunga mtungi wa gesi. Bado ziko siku anakesha, ila zimepungua.

Siku ile tukirudi, nilimuuliza maharage yale alikuwa anampikia nani usiku wa manane. Akasema, "Nilikuwa macho, Mama Zuhura. Nikaona nikupunguzie kazi ya kesho."

Niliomba radhi palepale njiani, kwa sauti. Nilipofika nyumbani nikawaita watoto, nikaiomba tena mbele yao.