Gari Lisiloshika Sailensa

Gari langu ni Peugeot 404, na tangu injini yake ifunguliwe halishiki sailensa. Likiwa mwendoni ni zima kabisa. Likisimama kwenye mataa ya Magomeni linaanza kutikisika, kioo cha pembeni kinacheza, abiria anashikilia dashibodi, na muuza karanga anayepita ananipa pole kama mtu aliyefiwa.

Injini ilifunguliwa kwa haki, maana ilikuwa inakula oili. Ringi zikawekwa mpya, hedi ikachongwa, vali zikasagwa. Siku ya kunikabidhi funguo fundi akasema, “Mzee, hii sasa ni mpya.” Nikamuuliza kama mpya hutetemeka hivi. Akasema ringi na silinda bado hazijazoeana. Jibu hilo halina mwisho, kwa sababu hakuna ajuaye uchumba wa ringi na silinda huchukua muda gani.

Hapo mtaa mzima ukapata kazi. Gari la kompyuta watu huliogopa, lakini lenye kabureta kila mwenye masikio ni bingwa wake. Kinyozi alisema platini. Kijana wa bodaboda, ambaye alizaliwa gari hili likiwa limeshachoka, alisema koili. Mstaafu mmoja wa bandarini hakusema ugonjwa wowote. Alinikumbusha tu kwamba Bert Shankland, dereva wa hapahapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa 404. Akaniangalia. Nilijiona nimemwangusha Shankland binafsi.

Wote hawa wana tabia moja. Kabla hujaitikia salamu, mtu ameshainama na bisibisi yako, anakaza skrubu ya sailensa. Injini inapandisha sauti, mtetemo unajificha, bingwa anafuta mikono na kuondoka akitembea kwa maringo. Hajatibu kitu. Amelifanya gari likimbie huku limesimama, linywe petroli yangu kwa bei ya sasa hivi. Mimi kazi yangu ni kuja nyuma yao kuilegeza.

Nikarudi gereji. Fundi wangu na mwenzake wakaanza kubishana silinda namba moja ni ipi. Kwenye injini hii Peugeot walihesabu kuanzia upande wa flaiwili. Fundi wangu alihesabu kuanzia kwenye rejeta, na spana zikakaribia kuruka. Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2. Chukua karatasi uupindue, uhesabu kutoka upande wa pili: unapata 1-3-4-2 ileile. Niliwaonyesha. Wakasema ndicho walichokuwa wanakisema tangu mwanzo.

Tukaja kwenye tapeti. Injini ikiwa baridi, vali ya kuingiza inataka nafasi ya milimita 0.10, ya kutoa 0.25. Fundi wangu hupima kwa kidole. “Mkono unajua,” anasema. Nikampa fila, akaishika kwa dharau, akapima, na vali mbili zikawa zimebana mno. Mkono haukusema kitu. Tapeti zikarekebishwa, sauti ikawa tamu, mtetemo ukabaki palepale.

Akaweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye injini, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu wa kutia shaka. Kisha akachomoa waya za plagi, mmoja mmoja, injini ikiunguruma. Wa pili ulimpiga shoti akataja jina la mama yake. Lakini kila waya uliochomolewa, mlio ulishuka kwa kiasi kilekile. Basi hakuna silinda iliyolala. Zote nne zinafanya kazi, na zote zinalalamika. Ugonjwa uko kwenye zinachokula zote.

Ndipo nilipouliza swali ambalo mtaa mzima haukuliuliza: mlipofungua, mligusa nini? Gari lililoshika sailensa kabla ya gereji limeumia mahali palipoguswa. Nikachukua chupa ya kupulizia maji, nikalowesha shina la kabureta. Mlio ukabadilika papo hapo. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma. Injini ikiwa kwenye sailensa, kipepeo cha kabureta kimefunga karibu chote na mvuto chini yake ni mkali, kwa hiyo hata ufa mwembamba unaharibu mchanganyiko. Ukikanyaga mafuta hewa ya kihalali inakuwa nyingi, na ya wizi haionekani.

Kabureta ikatolewa. Gasketi ya chini yake ilikuwa imekatwa kwa boksi la biskuti. Neno “vanila” lilikuwa linasomeka.

Ikawekwa ya kweli. Gari limetulia, na mtaani kila mmoja anadai ndiye aliyesema. Fundi ameniletea bili: gasketi, tapeti, na shilingi elfu kumi za “kusikiliza”.

Nikamwambia bisibisi sikioni haikuona kitu, sasa hizo elfu kumi alisikiliza nini?

“Wewe, mzee.”