Mkwe Kaanza Uganga

Fundi wa magari ana sauti yake maalumu ya kutangaza kwamba kontroli boksi limekufa. Anafunga boneti taratibu, anajifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe, kisha anainamisha kichwa. Utadhani yuko msibani. Halafu anataja bei, na hapo msiba unahamia kwako.

Wala hakutishi bure. Boksi hilo ndilo linalosoma sensa za hewa, za joto na za mzunguko wa injini, kisha likaamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani, tena muda wenyewe ni wa sehemu chache za elfu za sekunde. Likifa, ulichobaki nacho ni viti vizuri vyenye paa.

Kwa kubana matumizi, nikaagiza la kujiundia. Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walibuni kontroli boksi liitwalo MegaSquirt. Unauziwa ubao mtupu, kasha la alumini na mfuko wa vipuri vidogo vidogo, mengine utajijua mwenyewe. Corolla langu, lenye umri wa kupiga kura, nikalipandisha juu ya mawe uani lisubiri.

Sasa rezista haiandikwi thamani kwa tarakimu. Inachorwa mistari ya rangi. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000. Nyekundu ikiwa rangi ya chungwa, ni omu 10,000, na chini ya taa ya sebuleni kwangu rangi hizo mbili huzitofautishi. Basi nikatandika shuka jeupe sakafuni, nikavipanga vipuri kwa mafungu, nikashika lenzi, nikawa nasoma kwa sauti nisije nikachanganya.

Mama mkwe akaingia hapo hapo. Alikuwa anatoka Tanga, basi lilikuwa limechelewa. Hebu fikiria alichokikuta: saa sita usiku, shuka jeupe chini, vitu vya rangi rangi vimepangwa, moshi wa lehemu unanukia utomvu nyumba nzima, na mkwewe kapiga magoti ananong'ona, "Kahawia, nyeusi, nyekundu. Kahawia, nyeusi, nyekundu."

"Baba Neema," aliita kutoka mlangoni, hakuthubutu kukanyaga ndani. "Umeanza lini?"

"Shikamoo mama. Juzi tu."

"Marahaba. Na nani kakupa?"

"Nimeletewa kwa posta, mama. Kutoka Marekani."

"Kumbe hata huko wapo!"

Kulipokucha mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani alikuja kuulizia simu yake iliyoibiwa. Nilipomwambia mimi sijui lolote, akaitikia kwa heshima kwamba anaelewa, bila shaka nataka kwanza kitu kidogo.

Usiku uliofuata umeme ulikatika wakati pasi ya kulehemu iko juu ya mguu mmoja wa soketi kubwa, ile yenye miguu 37 inayopokea nyaya zote za gari. Lehemu ikapoa kabla haijashika. Umeme uliporudi, nikaendelea na mguu unaofuata, kisha nikaunganisha kifaa cha majaribio. Hicho ni kijibao chenye vifundo kinachojifanya injini: ukizungusha kifundo, laptopu inaonyesha injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, na gari liko juu ya mawe, kimya. Mama mkwe alichungulia dirishani akaliona gari, akaitazama laptopu, akatoka nje bila neno.

Tatizo lilikuwa joto. Laptopu iliandika nyuzi 40 chini ya sifuri. Temeke, mwezi wa Februari! Kwa MegaSquirt namba hiyo ina maana moja: waya wa sensa ya joto haujagusa. Ulikuwa mguu ule ule uliokatikiwa na umeme. Nikaulehemu upya, moshi ukapanda, na namba ikapanda nayo.

"Kwa hiyo lilikuwa na baridi," mama mkwe akasema kwa utulivu, "ukalifukiza."

Siku ya kuwasha, uani palijaa. Boksi jipya haliijui injini yako. Unalijazia jedwali la petroli, ukilenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Jedwali la kuanzia lilimwaga petroli kupita kiasi, sailensa ikapiga mshindo, kuku wakaruka ukuta, na jirani wa simu akapiga magoti. Nikapunguza namba. Injini ikashika, ikatulia. Mama mkwe akawageukia watu: "Niliwaambia."

Kwa hiyo msomaji wangu, kama unataka kuokoa pesa, tafuta boksi lililotumika la gari kama lako. Ukijumlisha nyaya, lehemu na kifaa cha majaribio, mchezo huu hauna unafuu unaoudhania. Lakini kama unataka fundi asikulilie tena juu ya boneti, liunde mwenyewe, na usilifunge kwenye gari kabla ya kulipima mezani. Ila kazi hiyo ifanye mchana, mlango ukiwa wazi, na wakwe wapewe taarifa mapema.