Bomba Limepasuka

Saa tatu za usiku, Himbi, mjini Goma. Mwandishi wa makala haya yuko mbele ya kompyuta yake akiandika neno la siri kwa mara ya tatu, na kiooni hakionekani kitu. Hata vile vinyota vya kuficha herufi havimo. Anabonyeza, anamaliza, anasubiri. Jibu linakuja kutoka mbali: ruhusa imekataliwa.

Herufi kutoonekana si hitilafu. Katika terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, neno la siri kwa kawaida hufichwa kabisa, ili anayechungulia begani asijue hata lina herufi ngapi. Ni busara, ila mwenye neno naye hafichuliwi chochote. Kompyuta hii ya mtumba ilikuja na kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A na Z, kama nyingi za Kongo. Fundi wa mtaa wa Birere aliyeiwekea Linux akaacha ndani mpangilio wa Kiingereza. Basi kitufe kilichochorwa A kinaandika Q, cha Z kinaandika W, na cha M kinatoa nukta-mkato. Namba nazo zina kisa chao: aliyezoea kibodi ya Kifaransa hushikilia Shift ili azipate, na kwa Kiingereza Shift humpa alama. Mwandishi alidhani anaandika Mazuku2002. Kule mbali ilifika :qwuku@))@. Mara tatu, kwa imani ile ile. (Neno hilo limekwisha badilishwa, msijisumbue.)

Mazuku ni neno la hapa hapa. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia mabondeni, haina rangi wala harufu, na huua mbuzi hata watu. Wataalamu wa volkano duniani wanaliandika hivyo hivyo katika taarifa zao, bila kulitafsiri. Na 2002 ni mwaka ambao lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo, tarehe 17 Januari, ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Mtu wa Goma akiambiwa achague neno asiloweza kulisahau, unategemea achague nini?

Kazi aliyotaka kuifanya kule mbali ilihusu mlima huo huo. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi na hutiririka kama uji uliomwagika. Tarehe 22 Mei 2021 iliteremka tena, safari hiyo ikasimama ukingoni mwa mji. Programu ya Mwandishi huchukua ramani ya miinuko, humwaga lava ya kubuni mahali fulani, huiacha itafute mteremko, kisha hurudia maelfu ya mara huku ikibadilisha miinuko kidogo kidogo. Panapopitwa mara nyingi panapakwa rangi nyekundu. Kwa kompyuta ya Himbi, hesabu hiyo ingehitaji siku tisa mfululizo bila umeme kukatika. Goma haina siku tisa za namna hiyo.

Ndipo ikaja habari ya klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kwa pamoja. Lengau ya Cape Town, iliyozinduliwa 2016 na kupewa jina la duma kwa Kitswana, iliundwa kwa nodi, yaani kompyuta moja moja, zaidi ya 1,000. Ile aliyoruhusiwa Mwandishi ni ndogo kuliko hiyo, nayo iko mbali kusini. Haitatajwa, kwa kuwa wasimamizi wake wameteseka vya kutosha.

Njia ya kuingilia ni SSH. Iliandikwa 1995 na Mfini aitwaye Tatu Ylönen, baada ya wezi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake. Msomaji asichanganyikiwe: Tatu huyu ni mwanamume. Kabla yake watu walitumia telnet, iliyosafirisha neno la siri waziwazi, sawa na kutaja namba yako ya siri ya pesa kwa sauti katikati ya soko la Virunga.

SSH ina tabia za mpakani. Mara ya kwanza hukuonyesha alama ya utambulisho ya mashine ya mbali na kukuuliza kama unakubali kuendelea. Mwandishi aliandika "oui". Ikakataa. Akaandika "ndiyo". Ikakataa. Pale Petite Barrière, wanapovuka maelfu ya watu kila siku kwa miguu kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, afisa utamjaribu kwa Kifaransa, Kiswahili au Kinyarwanda, na kimojawapo kitapita. Huyu wa SSH anataka "yes" ya Kiingereza.

Alipofanikiwa, msimamizi alimshauri aachane na neno la siri atumie funguo. Funguo huja mbili: ya wazi, unayoweza kumgawia yeyote kama anayegawa kufuli, na ya siri, isiyotoka nyumbani. Mwandishi alituma ya siri. Aliituma kwa barua pepe, pamoja na salamu ndefu za kuulizia afya ya familia. Jibu lilikuwa fupi: ifute, tengeneza nyingine, na usimtumie mtu yeyote, hata mimi.

Ndani nako alifanya la ugenini: alipika sebuleni. Mashine unayofikia kwanza ni ya kupokelea wageni. Kazi nzito huandikiwa hati inayosema unataka prosesa ngapi na kwa saa ngapi, kisha hupanga foleni. Mwandishi akawasha hesabu zake za lava pale pale mlangoni, na watumiaji wengine wote wakaanza kuona herufi zao zikitambaa. Baada ya dakika ishirini programu iliuawa. Barua ya pili ya msimamizi ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Kisha umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na betri, lakini kisanduku cha intaneti hakina. Kioo kiliganda, na baadaye kikatoa maneno ya Kiingereza ambayo Mwandishi, kwa hasira, aliyatafsiri kwa sauti: "Bomba limepasuka!"

Uani palitokea kishindo. "Bomba?" aliita mama mwenye nyumba. "Iko wapi? Watoto, leteni bidoni!"

Katika mji ambao wengi hubeba maji kutoka ziwani, habari ya bomba haingoji uthibitisho. Watoto watatu walifika mlangoni na bidoni za njano. Mwandishi akaeleza kwamba ni bomba la kompyuta, kwamba mawasiliano yakikatika, programu uliyoiwasha kwa mkono hufa pamoja nayo, isipokuwa umeiweka kwenye foleni au ndani ya kitu kama tmux.

"Na maji, iko natoka?"

"Hapana, Mama."

"Basi ni bomba ya kawaida," akasema mama mwenye nyumba, akarudi kwenye sufuria zake.

Hesabu zilikamilika kwa foleni, hatimaye. Matokeo yalikuwa gigabaiti 11. Mwandishi aliyavuta kwa programu ya rsync, ambayo kwa maagizo sahihi huanzia ilipoachia, kwa muda wa usiku nne. Barua ya tatu ikamwomba afute nakala ya kule, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa imejaa.

Aliingia kwenye klasta, akaenda kuchemsha chai. Umeme ukapepesa, mawasiliano yakakatika, na aliporudi kishale kilikuwa kinametameta kwa upole kama hakuna kilichotokea. Ukivuka kwenda Gisenyi, simu yako hukupigia kelele kwamba umehamia mtandao wa Rwanda. Terminali ikikurudisha nyumbani, inaandika mstari mmoja tu, na Mwandishi hakuusoma. Aliandika amri ya kufuta, rm -rf matokeo, na folda yenye jina hilo ilikuwa pande zote mbili.

Kilichopaswa kumshtua ni kasi. Mwezi mzima kila herufi ilikuwa ikichelewa nyuma ya kidole, kwa kuwa ilisafiri hadi kusini na kurudi ndipo ionekane. Safari hii zilitokea papo hapo. Alifurahi hata akajisemea kwamba leo mtandao uko mzuri.

Terminali haina pipa la taka la kwenda kuokotea. Gigabaiti 11 za Himbi zilikwisha kabla chai haijapoa. Nakala aliyotaka kuifuta ilikuwa salama salimini kule kusini, bado imejaza nafasi.

Barua ya nne aliiandika yeye, kuomba wiki moja. Alipewa siku kumi. Siku hizi terminali yake ina rangi mbili, kijani kwa Himbi na nyekundu kwa kule, na matokeo yanavutwa upya, usiku baada ya usiku. Juzi yalifika asilimia 92, taa ikazimika, na kabla hajasema neno, sauti ikatoka uani:

"Papa ya kompyuta! Imepasuka tena?"