Namna ya Kumnunulia Mzee Masikio Yanayoongea na Simu

Anzeni kwa kuunda kundi la WhatsApp. Liiteni "Masikio ya Baba", mteueni mweka hazina, kisha waingizeni ndugu wote, mashemeji, na yule binamu anayeaminika kuwa mtaalamu wa teknolojia kwa sababu aliwahi kusajili laini za simu stendi. Asiyetakiwa kuwemo ni mmoja tu, Baba mwenyewe. Akiingia ataharibu mjadala kwa kusema anachotaka.

Kikao cha kwanza kijadili rangi na ukubwa wa kifaa cha kusikia. Watakuwepo wanaotaka kile kifaa kidogo kabisa kinachozama ndani ya tundu la sikio, ili majirani wasijue. Majirani wanajua. Wamekuwa wakimwamkia Baba kwa kupiga kelele getini miaka yote hii na mtaa mzima unaitikia marahaba. Lakini tuseme heshima ya ukoo inadai kifaa kisionekane. Basi mfahamu kwamba kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyokosa nafasi ya antena na ya betri ya maana, na vile vidogo kupita vyote mara nyingi haviongei na simu kabisa. Jambo hili mlitaje baada ya michango kukamilika.

Kipimo cha usikivu kirukeni. Kinachosha na hakina mvuto. Mzee anaketishwa kwenye chumba kisichopitisha kelele, anabonyeza kitufe kila anaposikia mlio, kuanzia mlio mzito wa Hz 250 hadi mwembamba wa Hz 8000, halafu anatoka na karatasi yenye mistari miwili: mwekundu wa sikio la kulia, wa bluu wa kushoto. Mistari yenyewe kwa kawaida inaanza vizuri upande wa kushoto wa karatasi, kisha inateremka. Maana yake ni kwamba masikio yanapozeeka hupoteza kwanza milio myembamba, na huko ndiko zinakoishi s, f, sh, ch na ndugu zao. Irabu zina nguvu, zinabaki. Kwa hiyo Mama akisema "shika", Baba anapata i na a, halafu achague mwenyewe kati ya shika, fika, pika na zika. Ndipo mtu anapoambiwa ashike kikombe akauliza amezikwa nani. Baba amewaambia mara nyingi kwamba anasikia ila haelewi, nanyi mmemjibu kwa kupaza sauti, yaani kumwongezea irabu alizokuwa nazo tayari.

Katika kila ukoo yuko mwenye kipaji cha kubana matumizi. Huyu ataleta picha ya kipaza sauti cha kuvaa sikioni, kinachouzwa mtandaoni kwa bei ya kuku wawili. Kipokeeni kwa shangwe. Kinapaza kila kitu kwa kiasi kilekile: mnong'ono, jogoo, kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni. Mashine iliyopangwa kwa kufuata ile karatasi mliyoikataa haifanyi hivyo. Huinua sana sauti dhaifu, huinua kidogo ya kawaida, na zile kali huziacha au kuzizuia. Baba atakivaa kipaza sauti siku ya kwanza kwa adabu. Baada ya hapo mkitafute kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Sasa fungueni jedwali la kulinganisha, ndiyo raha ya kazi hii. Phonak ni ya Sonova ya Uswisi. Oticon na ReSound, kila moja na kampuni yake, zinatoka Denmark. Signia na Widex zina mwenyewe mmoja tangu 2019, na Starkey ni ya Marekani. Majina ni mengi kuliko wenye mali, lakini hilo lisiwapunguzie ari ya kubishana. Chagueni yenye chaneli nyingi, kama mnanunua king'amuzi. Usiku wa kwanza mwulizeni Baba kama mechi inaonekana. Mtaalamu mmoja mmoja atawaambia kwamba idadi ya chaneli haimwambii mtu jinsi atakavyosikia, na kwamba kifaa cha daraja la kati kilichopangwa kwa uangalifu humshinda kaka yake wa bei mbaya aliyetolewa kwenye boksi na kuvalishwa hivyohivyo. Mtaalamu huyo mtoeni kwenye kundi.

Ikitajwa akili mnemba, simameni. Oticon walipotoa Oticon More mwaka 2021 walieleza kwamba mfumo wake ulifundishwa kwa sauti milioni 12 zilizorekodiwa katika maisha ya kawaida. Ningetoa nauli yangu kujua kama miongoni mwa hizo yumo konda wa daladala anayeita abiria huku redio, injini na mhubiri wa ndani ya gari wakishindana. Sikatai kwamba vifaa vya siku hizi vinajitahidi kutenganisha maneno na kelele. Vinajitahidi kweli, na maikrofoni zake huelekea mbele, alipo mtu unayemtazama. Ila konda hukaa nyuma yako.

Simu aliyonayo Baba msiiulizie. Muuzaji akisema "ina Bluetooth", itikieni amina na mlipe, kwa sababu mkiuliza zaidi mtagundua kwamba Bluetooth za masikioni zina koo mbalimbali zisizooana. Apple walikuwa wa kwanza kuchangamka: mwaka 2014 ReSound ilitoa LiNX, iliyopokea sauti moja kwa moja kutoka kwa iPhone bila kile kidude cha kuning'iniza shingoni kilichokuwa kikihitajika hapo kabla. Upande wa Android watu walisubiri. Google ilitangaza njia yake mwaka 2018, ikaingia kwenye Android 10 mwaka uliofuata, lakini ni hiari ya mtengenezaji wa simu kuiweka au kuiacha, na wenye simu za bei nafuu ndio wanaojua aliamua nini. Phonak nao wakashika njia ya tatu. Marvel yao ya 2018 ilitumia Bluetooth ya kawaida, ileile ya redio ya gari, hivyo ikakubali iPhone, Android na hata kitochi, mradi kiwe na Bluetooth.

Hebu litazameni jambo hili kwa utulivu. Inawezekana kabisa kitochi cha Baba, kile chenye tochi kichwani na namba zilizofutika, kikapokea simu hadi ndani ya masikio yake yote mawili, huku simu janja ya kaka mkubwa, iliyonunuliwa kwa mkopo, ikizungusha kale kaduara ikitafuta kifaa kilicho mbele yake. Hasara ya kitochi ni kwamba hakipokei programu ya mashine, ile ya kubadilisha mipangilio kwa kidole. Lakini kabla hamjamnunulia Baba simu janja kwa ajili ya programu hiyo, mtazameni anavyoandika ujumbe mfupi.

Tuseme mmefaulu, simu na masikio vimeoana. Kitu cha kwanza kitakachomfikia ni kundi la kamati ya harusi. Ujumbe wa sauti wa mjumbe anayeanza kwa kusalimia wajumbe wote mmoja mmoja sasa hautoki tena kwenye spika iliyolala mezani. Unaingia moja kwa moja kichwani, kulia na kushoto, bila chumba cha kujificha. Mlio wa simu nao ni hukohuko. Kwenye simu nyingine hata mibonyezo ya kibodi inapigwa sikioni, hadi mjukuu aje aizime kwenye mipangilio. Anapopigiwa simu anasikia vizuri kuliko alivyosikia kwa miaka, hapo sina kejeli. Ila kwa vifaa vingi maikrofoni inayobeba maneno yake ni ya simu, si ya sikioni, kwa hiyo akiiacha mfukoni kwa sababu sauti haitoki humo, anayeongea naye atasikia koti. Msimweleze. Muwe mnapiga tena na tena mkiuliza mbona hasemi.

Kuhusu umeme, chagueni yenye betri ya kuchaji bila kuuliza mgao ukoje huko anakoishi. Chaja nyingine zina betri yake ndani na zinavumilia usiku mmoja au zaidi wa giza. Hizo ni za ziada, ziacheni. Zile za betri ndogo za kubadilisha zina utamaduni wake. Namba 312 ina kibandiko cha rangi ya hudhurungi, 13 ya rangi ya chungwa, 675 ya bluu, na inawashwa na hewa. Ukibandua kibandiko, betri inaanza kunywa hewa na maisha yake yanaanza kuhesabiwa, uitumie usiitumie, na kukirudishia hakusaidii. Mtaalamu atawaambia muiache dakika chache ivute hewa kabla ya kufunga kifuniko. Nyinyi bandueni vibandiko vyote sita siku ileile, ili Baba asisumbuke baadaye. Kusikiliza muziki na simu kwa Bluetooth huzila kwa kasi zaidi.

Na kifaa kikinyamaza ghafla, mtangazieni kwamba kimekufa. Mara nyingi kilichotokea ni nta ya sikio kuziba kichujio cha mbele, kidude cheupe kisichozidi punje ya ufuta, kinachobadilishwa kwa sekunde chache kwa kijiti kilichomo kwenye boksi. Boksi mlilitupa siku ya kwanza mkiwa mnapiga picha. Kwa hiyo Baba atapanda basi hadi mjini, atasubiri foleni, atabadilishiwa, atarudi jioni. Watu wa pwani waongeze na unyevu: kifaa kinachovuta jasho la Dar es Salaam au la Mombasa kinastahili kulala kwenye kikopo chenye dawa ya kukausha. Wengi hulaza chao dirishani.

Yule ndugu aliyeko Marekani atakuja na hoja ya kuwanyamazisha wote. Atasema kwao tangu Oktoba 2022 vifaa vya watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani vinauzwa dukani bila cheti cha mtaalamu, na kwamba Septemba 2024 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko iliruhusu AirPods Pro 2 zitumike kama kifaa cha kusikia kwa watu wa kiwango hichohicho. Ni kweli tupu. Zilitoka kwa dola 249, wakati jozi ya mashine za daraja la juu huko huuzwa kwa maelfu. Msimwulize kama Baba yuko kwenye kiwango hicho, maana jibu liko kwenye karatasi mliyoiruka. Msiulize pia chaji ya saa chache itamfikisha wapi mtu anayeamka alfajiri. Na siku Baba atakapoingia msibani na vipokea sauti vyeupe masikioni, mwacheni ajieleze mwenyewe kwamba hasikilizi muziki.

Mambo ya kuhesabu hatua na kutambua mtu akianguka yapo, Starkey waliyaleta na Livio AI pamoja na kutafsiri lugha, na Baba akianguka simu itawapelekea ujumbe watu waliochaguliwa. Mradi simu iwe karibu na iwe na mtandao. Auracast nayo ni ya kusifiwa kwa sauti kubwa: uwanja wa ndege, ukumbi au kanisa linarusha matangazo, na kila mwenye kifaa kinachoipokea anayapata sikioni. Spika za msikitini na kanisani kwenu zinatosha kuamsha kata nzima. Kitumaji cha Auracast kiombeni kwenye harambee ijayo.

Kipo kimoja ambacho ningekilipia kabla ya vyote hivi. Baadhi ya programu zinamruhusu mtaalamu aliye mjini kurekebisha mashine kwa mbali, kupitia intaneti, mzee akiwa kwenye kiti chake Kigoma au Songea. Siku za mwanzo marekebisho ni mengi, kwa sababu mtu aliyekaa miaka bila kusikia friji, kandambili na karatasi anavipokea vyote kwa mpigo, na wengi huvua mashine hapohapo na kuapa. Kurekebishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ndiko kunakomfanya aizoee, na nauli ya kwenda na kurudi kila mara ndiyo inayowashinda watu. Inahitaji bando na mjukuu mvumilivu. Bahati mbaya kwenye jedwali lenu kipengele hiki kimekaa mstari wa mwisho, chini ya rangi, na yule binamu hakukijaza.

Hatimaye yule wa Marekani atatuma iPhone yake ya zamani, na mzozo wa simu utaisha. Hapo someni kwa makini. Ndani ya simu hiyo kuna kitu kinaitwa Live Listen. Mtu anaiweka simu mezani, inageuka maikrofoni, naye anakwenda kukaa mbali, mita kumi hivi, huku maneno ya pale mezani yakimfikia masikioni. Ilikusudiwa kumsaidia mzee asikie mtu aliye upande wa pili wa chumba chenye kelele. Baba atafundishwa na mjukuu, na hatawaambia.

Basi siku mtakapokaa sebuleni kuzungumzia lile shamba la Mkuranga, naye akasema anatoka kupunga upepo kidogo barazani, hesabuni kwanza simu zilizopo mezani. Na msidhani mtaokoka kwa kunong'ona. Sauti ya chini ndiyo mashine inayoipandisha kuliko zote.