Bastola ya Kwanza: Jinsi ya Kushindwa kwa Heshima

Sogea nikwambie. Mashindano ya kwanza ya kulenga shabaha utashindwa, kwa hiyo shindwa kwa bei nafuu na ukiwa umependeza.

1. Usinunue bado. Tafuta klabu yenye uwanja wa mita 10, uazime bastola ya upepo ya milimita 4.5. Ukivurunda, watu wataisingizia bastola, nawe utapata nafasi ya kujifunza kwa amani.

2. Ile kubwa yenye kishindo iache dukani. Najua inavyopendeza kwenye picha! Lakini kishindo hufundisha jicho kupepesa na kidole kuogopa, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kirahisi.

3. Siku ya kununua ikifika, shika mpini kabla ya kuuliza bei. Hapa usikubali kuharakishwa na muuzaji. Nyoosha mkono mmoja kuelekea shabaha, fumba macho, tulia, kisha fumbua. Alama ya mbele ikiwa imekaa yenyewe katikati ya pengo la nyuma, hiyo ni yako. Ikiwa imeelemea upande, usiilazimishe kwa kukunja kifundo, maana risasi ya arobaini mkono utakuwa umechoka na alama itarudi palepale. Mpini wa mbao unaweza kupigwa msasa ukufuate kiganja. Wapiga shabaha wazuri hufanya hivyo bila haya.

4. Ukitaka njia ya mkato, nunua bastola ya upepo ya Steyr au Morini iliyotumika. Soma tarehe kwenye mtungi wa hewa: kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, haziruhusu mtungi uliopita muda wake, na mwisho ni miaka 10. Triga isilegezwe chini ya gramu 500, kwa sababu wakaguzi wataipima.

5. Sasa mapozi. Yusuf Dikeç wa Uturuki alipata medali ya fedha ya timu mchanganyiko, Olimpiki ya Paris 2024, akiwa na miwani ya kawaida na mkono mfukoni. Mwige. Mkono ukitulia mfukoni, bega nalo hutulia.

6. Jioni, hakikisha bastola ni tupu, kisha fyatua bila risasi ukiielekeza kwenye ukuta mweupe. Ukuta hauhesabu pointi, na kidole kinajifunza zaidi hapo kuliko uwanjani.

Na kabla ya kulipa hata senti, uliza polisi kuhusu kibali. Zipo nchi ambako hata bastola ya upepo ni silaha mbele ya sheria.