Muulize Shangazi: Nani Apewe Usukani?

Shangazi,
Nalea timu ya sekondari hapa Minneapolis inayoshiriki mashindano ya roboti ya FIRST Tech Challenge. Kijana mmoja ameiunda roboti karibu yote yeye, na anasema asipoiendesha, anasusa. Kuna binti mkimya ambaye mazoezini hakosei. Nifanyeje?
— Mlezi Njia Panda

Mwanangu, fundi aliyeshona suti ya bwana harusi haozwi bibi harusi.

Mechi ni dakika mbili na nusu. Sekunde 30 za mwanzo roboti hujiendesha kwa programu na rimoti haziguswi. Hapo utamjua mwenye vidole vya kuwasha. Zikibaki dakika 2 za usukani, fundi atazimaliza akisikiliza mnyororo unavyolia. Dereva huangalia uwanja: mzigo uko wapi, na timu mshirika inaelekea wapi, maana mnacheza wawili kwa wawili.

Wapime. Shika saa, kila mmoja achukue mzigo, apeleke, arudi, mara 10. Usiandike mzunguko wake bora. Andika ule mbovu kabisa, ndio atakaokupa siku ya fainali. Kisha mgeuzie roboti imtazame, kushoto kuwe kulia, uone jasho. (Najua jairo, kile kihisi cha mwelekeo, na programu vinaweza kulisahihisha hilo. Jairo nayo huwa na siku zake.) Mwulize na sheria pia, kwani faulo zenu ni alama za wapinzani.

Matokeo yabandike ukutani. Madereva wanaruhusiwa wawili, kwa hiyo mmoja anaweza kushika magurudumu na mwingine mkono wa roboti. Huenda hao wawili wakafaa kusimama bega kwa bega. Nasema uwanjani, usinielewe vibaya. Kijana akisusa hata hivyo, mwache aende, spana zibaki.

Shangazi,
Mwanangu ni bingwa wa mpira wa PlayStation mtaa mzima. Mbona timu ya roboti haimpi usukani?
— Baba Bingwa

Vidole anavyo, sikatai. Lakini uwanjani kuna kocha wa kumwambia, katikati ya utamu, aache anachokifanya na akafanye kingine, naye atii hapo hapo. Leo mwite mezani akiwa anacheza. Akiitika mara ya kwanza, niandikie tena. Nawe usijipendekeze kumsaidia: mtu mzima anaweza kuwa kocha, ila rimoti ni za wanafunzi.

Shangazi,
Tunaingia FIRST LEGO League na watoto wanne wanagombania udereva. Nimchague nani?
— Mwalimu, Thika

Mwalimu, kule hakuna dereva! Roboti ikishaachiwa hujiendesha yenyewe, na anayeidaka nje ya eneo lake la nyumbani anaweza kuipotezea timu alama. Waambie kazi iliyopo ni kuandika programu, na kuirekebisha tena na tena roboti inapopita kando ya shabaha kwa upana wa kidole. Ukiona ugomvi umekwisha ghafla, mshike yule atakayebaki kwenye kompyuta.